Mtani Aliyebeba Hofu

1

Mzunguko wa kwanza wa bendeji, ule upitao juu ya kifundo cha mkono, ulikuwa wa Lutangilo Kikoti, aliyevusha Mto Ruaha ng'ombe arobaini wa watu katika mwaka wa mafuriko na kuwafikisha wote arobaini kwa wenyewe. Wa pili ulikuwa wa mwanawe, Mgendwa, ambaye hakuna baraza lililothubutu kukata shauri kabla ya kusikia kikohozi chake mlangoni. Wa tatu ulikuwa wa Sikitu, mkunga, mwanamke aliyeheshimiwa kiasi kwamba wanaume waliokuwa wakigombana walinyamaza alipopita, maana kila mmoja alijua kuwa mikono ile ndiyo iliyompokea duniani akiwa uchi na akilia. Wa nne ulikuwa wa Galasiano, mwalimu wa hesabu kwa miaka thelathini na minane, bingwa wa masumbwi wa Nyanda za Juu katika ujana wake, mtu ambaye hakuwahi kuchelewa kengele ya shule wala kupiga ngumi chini ya mkanda.

Huyo wa nne alikuwa hai. Aliketi kwenye benchi mbele ya mjukuu wake, mgongo wima kama rula, fimbo ikiwa imelazwa juu ya mapaja.

"Unayataja majina kama orodha ya sokoni," alisema. "Fungua bendeji. Anza upya."

"Babu, nimeyataja yote."

"Umeyataja kwa mdomo. Nimesema, anza upya."

Twilumba Kikoti alifungua bendeji, akaanza upya. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, na katika mapambano saba ya miaka mitatu iliyopita hakuwa ameshindwa hata moja. Saa kumi alasiri ya siku hiyo angepanda ulingoni kugombea Mkanda wa Nyanda za Juu, mkanda uleule ambao babu yake aliuvaa kabla baba yake hajazaliwa. Chumba chao cha maandalizi kilikuwa kimechongwa ndani ya mwamba, chini ya Ukumbi wa Gangilonga, na kuta zake zilitoa nuru zenyewe, nuru hafifu ya rangi ya maziwa yaliyotiwa maji. Ukungu wa Iringa ulikuwa umeingia kwa dirisha la juu na kulala sakafuni kama ng'ombe aliyeshiba. Kutoka mbali, kupitia jiwe, sauti ya watu waliokuwa wakiingia ukumbini ilisikika kama mvua inayonyesha katika mji mwingine.

Lutangilo. Mgendwa. Sikitu. Majina yalipita moyoni mwa Twilumba kama mabehewa matupu. Hayakushusha kitu, hayakupakia kitu.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Babu alikuwa amemfundisha mambo matatu ya kumtuliza bondia kabla ya kengele: kufunga mikono yake mwenyewe, kuwataja waliomtangulia, na kupumua kwa hesabu, kuvuta kwa nne, kushikilia kwa nne, kutoa kwa nane. "Hofu ni mgeni," alikuwa akisema. "Mgeni hafukuzwi mlangoni. Hupewa kigoda, akaonyeshwa pa kukaa, nawe ukaendelea na kazi yako." Lakini Twilumba alipokuwa na miaka kumi na sita, katika pambano lake la kwanza kabisa, pale uwanjani mwa shule, mgeni yule alikataa kigoda. Magoti yalimgeuka maji. Alisahau kuinua mikono. Akiwa chali, alisikia mtu akihesabu hadi kumi, na kwa utulivu wa ndotoni akajiuliza ni nani anayehesabiwa.

Aibu hiyo aliibeba miaka minne pasipo kuvaa glavu tena. Kisha likaja Chujio.

2

Wataalamu walikuwa wamegundua kwamba hofu haifi. Haichomwi, haiyeyuki, wala haimwagwi chini. Ni kama joto la jiwe lililotolewa motoni, ambalo huondoka pale tu penye maji ya kulipokea. Kwa hiyo, ili bondia apande ulingoni akiwa hana hofu, ilibidi mtu mwingine aipokee. Walijaribu kwanza ndugu wa damu, wakashindwa, kwa kuwa mama akipokea hofu ya mwanawe huiongezea yake na kuirudisha maradufu. Walijaribu watu baki, na moyo wa mtu baki ulijifunga kama kobe. Ndipo mmoja wao, aliyelelewa vizuri, alipowakumbuka watani.

Mtani si ndugu, lakini huingia nyumbani mwako bila hodi. Huchukua kuku wako akamchinja, nawe usimshtaki. Siku ya msiba wako ndiye anayeshika jembe la kaburi, huku akimcheka maiti na kuwachekesha wafiwa. Kati ya Wahehe na Wangoni, waliopigana zamani hadi wakachoka na kuugeuza uadui wao kuwa mzaha, mlango huo haujawahi kuwa na komeo. Mhehe alipoketishwa katika kiti kimoja na Mngoni katika kingine, nyuzi laini za mtambo wa Chujio zikawagusa vipaji vya nyuso, hofu ilipita kama maji katika mfereji wa bustani. Mpokeaji angetetemeka kwa siku tatu, kisha ingekwisha. Ndivyo mkataba ulivyosema.

Mtani wa Twilumba alikuwa Osmund Tawete, Mngoni wa Songea aliyehamia Iringa, fundi wa mapaa mwenye miaka hamsini na mdomo usio na breki. Yeye ndiye aliyeezeka paa la soko kuu, akitembea juu ya boriti kwa mluzi huku akiwatukana Wahehe wote waliopita chini. Galasiano ndiye aliyemwendea, baada ya kumkatalia mjukuu wake mwaka mzima. Osmund alijibu papo hapo: "Hofu ya Mhehe? Leteni! Babu zangu walikuwa wakiichota bure, tena Wahehe wenyewe wakiitupa njiani pamoja na mikuki."

Hiyo ilikuwa miaka mitatu na mapambano saba yaliyopita.

3

"Hodi," ilisema sauti nje ya mlango.

Babu na mjukuu walitazamana. Katika miaka mitatu hiyo, Osmund Tawete hakuwahi kubisha hodi.

Aliingia polepole, kofia mkononi. Alikuwa amevaa shati jeupe, limefungwa vifungo hadi shingoni. "Shikamoo, Mwalimu," alisema. "Habari za mchana, Bi Twilumba. Poleni kwa maandalizi."

Twilumba aliangua kicheko. "Bi Twilumba! Babu, umesikia? Mngoni leo ameokota adabu njiani. Mwenyewe akijitokeza amrudishie."

Osmund hakucheka.

"Haya, nitukane basi," alisema Twilumba. "Saa kumi napanda ulingoni, na mpaka sasa hujaniambia kwamba babu zangu walikimbia hadi vivuli vyao vikaomba kupumzika."

"Leo sina utani, binti yangu. Nimekuja kuomba."

"Mngoni akiomba," alisema Galasiano, na hata yeye, mtu mkavu, alitabasamu, "funga mlango wa ghala."

Osmund alisubiri hadi tabasamu lile lilipokwisha. Alisubiri kwa subira ya mtu anayengoja gari moshi lipite ili avuke.

"Mnaona?" alisema. "Baada ya pambano la nne nilisema mezani, mbele ya watu wote, 'Nyinyi Wahehe mtaniua.' Mkacheka. Wewe Mwalimu ukaniambia, 'Kufa basi, tuje tule ubwabwa.' Baada ya la tano nikasema siwezi tena kupanda paa. Ukaniambia, Mngoni tangu lini akajua nyumba, kwenu si mnalala ndani ya ngao? Baada ya la sita nikalia machozi. Mkasema nimejua kuigiza, mkanipigia makofi. Siwalaumu. Mtani akilia, watu hushangilia. Ndiyo desturi, nami nimekula matunda yake maisha yangu yote. Lakini sasa nina neno la kweli, na kila nikilitia mdomoni linatoka likiwa mzaha. Kwa hiyo leo utani nimeuvua, nimeuacha pale nje kama viatu. Naomba mnisikilize mtu mzima."

Twilumba alitazama mikono ya Osmund. Ilikuwa imeng'ang'ania kofia kama mtu anavyong'ang'ania tawi juu ya korongo.

"Twendeni chumba cha Chujio," alisema Osmund. "Nitawaonyesha. Maneno yameniishia."

4

Chumba cha Chujio kilikuwa cha duara, na ukungu ndani yake ulikuwa mzito zaidi, kana kwamba mwamba wenyewe ulikuwa ukipumua. Viti viwili vilitazamana juu ya jukwaa la mbao. Bi Yusta, mtaalamu wa Chujio, mwanamke mtulivu mwenye miwani, alikuwa akizichana nyuzi kwa vidole kama achanaye nywele za mtoto.

Jukwaa lilikuwa na vidato vitatu.

Osmund alisimama mbele ya kidato cha kwanza. Aliinua mguu, akaushusha. Aliushika ukuta. Jasho lilimtoka shingoni na kulowesha ile kola iliyofungwa kwa heshima. Akapanda cha kwanza kwa magoti, kama mtoto. Mbele ya cha pili alifumba macho, akabaki hapo, na meno yake yakasikika yakigongana.

Mtu aliyetembea juu ya paa la soko kuu akipiga mluzi alikuwa ameshindwa kupanda kimo cha mkungu wa ndizi.

"Pambano lililopita walinipandisha wawili," alisema akiwa amefumba macho, "mmoja huku, mmoja huku. Wewe ulikuwa chumbani kwako ukipumua kwa hesabu. Hukuniona."

Twilumba alimgeukia Bi Yusta. "Ulijua?"

"Niliandika katika kumbukumbu," alisema Bi Yusta, na uso wake ulikuwa umebadilika. "Kila pambano huacha mashapo kidogo, kama chai chini ya kikombe. Kwa watu wengine huondoka. Kwake hayakuondoka. Nilimwuliza mara tatu mbele yenu, 'Unajisikiaje, Mzee Tawete?' Akajibu, 'Nakufa.' Mkacheka." Alivua miwani. "Nami nikacheka."

"Na leo? Akipokea ya nane?"

"Mashapo yataganda. Hatapanda tena ngazi yoyote katika uhai wake."

"Nisipompa?"

"Yatabaki kama yalivyo. Hayaishi yenyewe. Ni wewe tu unayeweza kuyaondoa; mfereji hupitisha kwenda na kurudi. Lakini yatakujia yote saba kwa mpigo, pamoja na hii ya leo. Hakuna bondia aliyewahi kuomba jambo hilo." Bi Yusta alisita, kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Ipo njia nyepesi. Tuna mpokeaji wa akiba, mwanamke Mngoni, ana afya, amekwisha kutia sahihi. Tunaweza kuzirudisha kwako zile saba, na kabla hujamaliza kuzitambua tukazihamishia zote nane kwake. Ni robo saa. Mzee Tawete atapona, nawe utapanda ulingoni ukiwa mwepesi kama kawaida."

Twilumba aliisikia njia hiyo ikifunguka mbele yake, laini na nyeupe. Alimwona Osmund juu ya paa. Aliuona mkanda kiunoni mwake mwenyewe. Kila mtu katika picha ile alikuwa na furaha.

"Anaitwa nani?" aliuliza.

"Nani?"

"Huyo wa akiba."

Bi Yusta alirudisha miwani usoni. "Mpokeaji wa akiba haulizwi jina."

"Mzigo wa mwenzio," alisema Galasiano kutoka mlangoni, polepole, kana kwamba alikuwa akilisoma jambo hilo ubaoni kwa mara ya kwanza baada ya kulifundisha miaka thelathini na minane, "ni kanda la usufi."

Twilumba alimgeukia. "Babu, niambie nifanye nini."

"Mimi si hakimu katika shauri hili. Mimi ni mshtakiwa wa kwanza. Nilitaka kuuona mkanda ule ukirudi nyumbani kabla sijafa, na mtu alipolia mbele yangu nilimfanyia mzaha." Aliegemea fimbo kwa mikono miwili. "Na ukiniuliza moyo wangu unataka nini, hata sasa, Mungu anisamehe, bado unautaka mkanda. Basi usiniulize."

Twilumba alipanda vidato vitatu. Alishuka tena, akamshika Osmund kwapani, akapanda naye, kidato baada ya kidato, kama wapandavyo watu wawili kutoka mtoni na mzigo mmoja. Alimketisha. Kisha mwenyewe akaketi, si katika kiti chake bali katika kile cha kupokea.

"Rudisha," alimwambia Bi Yusta. "Zote. Na yule mama wa akiba mwambieni aende nyumbani."

5

Alizoea kuona mto ukimtoka, mto mweupe uendao mbali. Safari hii hakuona mto.

Aliona nyumba. Ilikuwa kubwa, ya matofali mazuri, na haikuwa na paa. Mbingu ya rangi ya maziwa ilikuwa imeinama juu yake. Boriti zilikuwa zimepangwa kwa ustadi, kila moja mahali pake, na juu ya boriti walikaa wasichana saba, miguu ikining'inia, mikono imeikumbatia miti. Wote walikuwa na uso wake.

"Mnafanya nini huko juu?" aliwauliza.

"Tunakungoja," walijibu. "Fundi alisema tusishuke, tutaanguka. Amekaa chini miaka mitatu akituangalia tusianguke."

Chini, katika kona, alimwona Osmund ameketi juu ya matofali, shingo imepinda kwa kuangalia juu, macho mekundu kama ya mtu asiyelala.

Twilumba hakujua la kufanya. Kisha akakumbuka jambo la kale. Alitazama, na kwa jinsi ilivyo kawaida katika mahali kama pale, palikuwapo vigoda saba sakafuni. Akavipanga. Akamwita wa kwanza.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni hofu ya kuvunjwa taya."

"Karibu. Keti."

Wa pili alikuwa hofu ya uzito wake kwenye mizani. Wa tatu, hofu ya kicheko cha watu wa nyuma kabisa ukumbini. Walishuka mmoja mmoja, wepesi kama majani, na kila mmoja alipoketi, kitu kizito kilishuka kifuani mwa Twilumba na kutulia hapo. Alipofika wa saba hakuwa na pumzi. Huyo alikuwa amejibanza mwisho kabisa wa boriti, mdogo kuliko wote, mwenye sare ya shule na glavu zilizomzidi ukubwa.

"Wewe nakujua," alisema Twilumba.

"Nimesahau kuinua mikono," alisema msichana yule, akilia.

"Najua. Shuka. Utaketi karibu nami."

Alipoguswa na mkono ule mdogo, Twilumba alilia kwa sauti, akazinduka.

Osmund Tawete alikuwa amesimama mwisho wa jukwaa, juu ya vidato vitatu, akitazama chini kati ya vidole vya miguu yake. Aliruka chini kwa miguu yote miwili, kama mtoto arukaye dimbwi. Kisha akageuka, akafungua kifungo cha kola.

"Mhehe!" alisema, na sauti yake ikaujaza ule mwamba. "Ndiyo hayo uliyokuwa ukinipa siku zote? Hofu zenyewe za kizamani, zina kutu! Kwetu hata mbuzi tungeona aibu kuwapa."

Galasiano alifunika uso kwa kiganja, na mabega yake yakatikisika. Haikujulikana kama alicheka au alilia, wala hapakuwa na aliyeuliza.

6

Saa kumi kamili.

Twilumba alitembea kuelekea ulingoni, na kila hatua aliihisi. Alikuwa amesahau kuwa ukumbi una harufu. Alikuwa amesahau kuwa taa huunguza ngozi, kuwa watu elfu tatu wakinyamaza kwa pamoja husikika. Magoti yalimcheza. Katika kona yake walisimama Babu, na Osmund aliyeng'ang'ania kushika taulo.

Mbele yake alikuwa Tusajigwe wa Mbeya, bingwa, mwanamke mrefu mwenye macho matulivu kama maji ya kisimani. Mahali fulani ndani ya mwamba, mtani wa Tusajigwe alikuwa amelazwa kitandani akitetemeka kwa niaba yake.

"Bendeji umefunga mwenyewe?" aliuliza Babu.

"Ndiyo."

"Yataje."

"Lutangilo," alisema Twilumba, na safari hii jina lilikuja limelowa, likinuka maji ya mafuriko, na nyuma yake ng'ombe arobaini waliokuwa wakilia. Naye akaelewa, kwa mara ya kwanza, kwamba mtu yule aliogopa. "Mgendwa. Sikitu." Nao waliogopa. "Galasiano." Alimtazama babu yake machoni. "Uliogopa, Babu?"

"Kila mara," alisema mzee. "Nilitapika katika ndoo kabla ya kila pambano. Bibi yako ndiye aliyeishika ndoo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa na haya. Nilidhani ukijua utanidharau."

Kengele ililia.

Konde la kwanza la Tusajigwe hakuliona. Alijikuta chini, na ukungu ule wa mwamba ukaanza kumjia pembeni mwa macho. Mtu alikuwa akihesabu. Moja. Mbili. Safari hii Twilumba alijua ni nani anayehesabiwa. Msichana wa sare ya shule alikuwa ameketi karibu naye, amemshika mkono.

"Mhehe!" Osmund alipaza sauti kutoka konani. "Umelala? Kitanda chenyewe umelipia? Magoti yako yanacheza ngoma ya nani, nasi hatujaalikwa?"

Kicheko kilimtoka Twilumba pamoja na damu, na kilipotoka, pumzi nayo ilitoka, ndefu, ya hesabu ya nane. Saba, alisema mwamuzi. Twilumba alisimama.

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, na watu wengi hudhani ni maneno ya kumdhihaki mwoga. Twilumba aliyasikia upya jioni ile. Tangu raundi ya pili alianza kugundua kwamba wageni wake wanane walikuwa na macho. Hofu ilimwonyesha konde likiwa bado begani. Hofu ilimwambia toka, naye akatoka, na glavu ikapita ikimpulizia sikio. Alipiga ngumi za kudokoa, akazunguka, akarudi. Muda ulinyooka ukawa kama uzi wa asali. Tusajigwe alisonga mbele moja kwa moja, raundi baada ya raundi, bila kuhepa, bila kukunja uso, akipokea kila konde kama mtu apokeaye barua ya mtu mwingine. Katika raundi ya tano mkono wake wa kulia uligonga kiwiko cha Twilumba, na Twilumba alisikia kitu kikilia ndani ya ile glavu, kidogo, kama kijiti kikavu. Tusajigwe hakusikia; maumivu yasiyo na hofu hayakumwonya. Aliendelea kupiga kwa mkono ule raundi tano nyingine.

Kengele ya mwisho iliwakuta wote wawili wamesimama.

Waamuzi wawili walimpa Tusajigwe ushindi, mmoja akampa Twilumba. Mkanda ulibaki Mbeya.

Walipokuwa wakivuliwa glavu, mkono wa Tusajigwe ulitoka umevimba na kupinda mahali pasipopinda mkono. Daktari aliutazama, akatikisa kichwa kwa namna ambayo mabondia wote wanaijua. Tusajigwe aliuangalia kwa mshangao mtupu. Kisha akamwona Twilumba, ambaye alikuwa bado anatetemeka chini ya taulo.

"Wanasema umepanda bila Chujio," alisema Tusajigwe. "Ni kweli?"

"Ni kweli, dada."

"Uliogopa?"

"Sana."

Bingwa yule aliurekebisha mkanda begani kwa mkono wake mzima. "Mimi nimesahau inavyokuwa," alisema. Na aliuangalia ule mtetemeko wa mwenzake kwa jicho la mtu aliye nje, penye baridi, anayechungulia dirishani kwa watu waliozunguka moto.

7

Jumatatu iliyofuata, asubuhi, mabati yalilia juu ya ukumbi wa mazoezi wa Mwalimu Galasiano. Paa lilikuwa likivuja kwa mwaka wa tatu, na fundi alikuwa amepatikana.

Vijana kumi na mmoja, wavulana kwa wasichana, walikuwa wamejipanga ndani. Watano kati yao walikuwa wameleta fomu za Chujio zitiwe sahihi, maana walikuwa wameona mkanda ulikobaki. Twilumba, jicho moja bado limefumba, alikaa pembeni akimfunga mdogo kuliko wote kamba za viatu.

"Mwalimu," alisema mmoja wa wale watano, kijana mwenye mabega mapana aitwaye Ahazi, "kwa heshima zote, Dada Twilumba ameshindwa."

"Ameshindwa," alisema Galasiano. "Sikuwahi kufundisha hesabu za uongo. Mbili ni nyingi kuliko moja."

"Sasa tukiacha Chujio, tutafaidi nini?"

Kabla mzee hajajibu, kichwa cha Osmund Tawete kilitokeza kwenye tundu la paa, kikiwa juu chini, misumari mdomoni. "Nyie mateka!" alifoka. "Punguzeni kelele, kuna mtu mzima anafanya kazi huku mbinguni! Na huyo mwenye mabega, anikaribie nimpimie bati, naona kichwani hajaezekwa!"

Vijana wakaangua kicheko. Galasiano aliinua fimbo, kicheko kikakatika.

"Tegeni masikio," alisema, "kwa kuwa sitarudia. Mtu akiwaambia kwamba anakufa, hata akiwa mtani wenu, hata mkiwa katikati ya kicheko, nyamazeni kwanza mkamtazame usoni. Mimi sikumtazama, nami nilikuwa mwalimu wa watu. Hizo fomu zichaneni, mzitie jikoni zichemshe maji. Hofu ni yenu. Mlipewa nyinyi, mtaibeba nyinyi. Anayeona ni nzito aje aniambie, nitamshikia ndoo, kama nilivyoshikiwa. Lakini asimtafute wa kumtwisha."

Juu, nyundo ilianza tena, na kwa kila pigo mluzi ulifuata.

"Mmesikia?"

"Tumesikia, Mwalimu."

"Kwa mdomo mmesikia. Fungueni bendeji. Anzeni upya."